Kistari Kilicholeta Malori

Nianze kwa kukiri, ili asitokee mtu wa kunikatiza katikati akijifanya anakijua kisa hiki kuliko mwenyewe: ndiyo, ni mimi. Yule mzee wa Sumbawanga aliyeletewa malori thelathini na moja kuja kubeba mahindi ya malori matatu ni mimi Didas, mwenye ghala la bati jekundu. Watu wa Matai wanasimulia kwamba nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu, na kama pale nilipokaa palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa ya wapagazi, hiyo ni bahati mbaya ya ndoo.

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na sisemi hivyo kuomba huruma. Waliosoma mpaka macho yakachakaa nimewaajiri, na wawili nimewafukuza. Zamani mahindi yalinunuliwa na ushirika peke yake, ukikutwa na magunia mawili juu ya baiskeli unaitwa mlanguzi na unalala ndani. Halafu serikali ikaamka asubuhi moja ikasema soko ni huria, nunueni, uzeni, na sisi walanguzi wa jana tukawa wafanyabiashara wa leo, bila hata mtu mmoja kutuomba radhi. Nilianza na baiskeli kutoka Laela, na upepo wa Ufipa mnaujua, ule unaokusukuma kifuani kana kwamba kuna mtu ameutuma. Miaka ikaenda, nikapata ghala, nikapata mashine ya kusaga, nikawa na vituo tisa vya kununulia, kuanzia Matai mpaka Mtowisa kule bondeni kwenye joto la kuivisha mtu.

Hesabu ya mzigo niliiandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mtindo ambao kila mnunuzi wa mahindi Ufipa anaujua: gunia, kistari, debe. Gunia moja ni debe sita. Kwa hiyo kituo kikiwa na magunia mia moja na kumi na mbili na debe tatu juu, unaandika 112-3, umemaliza, funga daftari nenda kale. Hata mbuzi angeelewa.

Sasa ikaja kampuni moja ya kununua nafaka kutoka Dar es Salaam (jina lake nalibakiza mdomoni) ikatangaza kwamba inatafuta wakala wa Ufipa nzima. Mmoja. Nani asingetaka? Mimi niliutaka uwakala ule mpaka nikawa nauota kwa Kiswahili, mimi ambaye ndoto zangu zote ni za Kifipa. Sharti lao lilikuwa moja tu la kuudhi: hesabu ya mzigo itumwe kwa kompyuta, daftari hawataki kuliona.

Hapo nikajipongeza, kwa sababu binti yangu Skolastika (sisi tunamwita Skola) alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa mambo hayo hayo chuoni Mbeya, kwa ada yangu, na nilishamnunulia kompyuta iliyokuja juu ya lori la viazi ikiwa imefungwa blanketi. Akanitengenezea fomu. Unaandika jina la kituo, unaandika mzigo, unabonyeza, yenyewe inajumlisha na kutoa orodha safi. Nikaketi mbele yake kama waziri, nikaandika Laela, nikaandika 112-3, nikabonyeza.

Yakatoka maandishi mekundu: "Weka namba tu."

"Skola," nikasema, "hii ni nini?"

"Baba, inataka namba peke yake."

"Na hizi nilizoweka ni ndizi?"

"Kuna kistari katikati. Kistari si namba."

Nikamwambia hicho kistari kimemsomesha. Akacheka, akafungua matumbo ya ile fomu, akanionyesha mstari mmoja wa alama, nami nimeukariri mpaka leo kama mtu anavyokariri jina la aliyemwibia: ^[0-9]+$. Akanieleza pole pole, kidole juu ya kioo: kile kikofia ni mwanzo, mabano yanasema kuanzia sifuri mpaka tisa, ile ya kujumlisha inasema moja au zaidi, na alama ya dola ni mwisho, kwa hiyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho ziwe tarakimu tupu, kitu kingine kikitia mguu kinarudishwa mlangoni.

"Na dola ya Marekani inatafuta nini kwenye mahindi ya Wafipa?"

"Baba jamani, ni alama tu."

"Hata wakoloni walianza na alama tu."

Akaniomba kitu chepesi kabisa. Alikuwa anakwenda Mbeya kwa siku chache kurudia mtihani mmoja. Akirudi atanitengenezea visanduku viwili, kimoja cha gunia, kimoja cha debe. Kwa sasa, kama nina haraka, niandike magunia mazima tu, debe niziache. Niziache! Debe ishirini na mbili za jasho la watu, niziache kwa sababu mashine haipendi kistari? Nikamwambia mwanangu safiri salama, nikimaanisha ondoka nipate nafasi.

Basi lake halijafika hata Laela, nami nimeshamwita fundi Edgar, mwenye duka la intaneti pale mjini, mtu mzima mwenye kitambi na watoto wawili. Akaingia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hii mashine inanibishia." Akaangalia ule mstari wa alama, akatabasamu kama daktari aliyeona chunusi. "Mambo madogo haya, mzee. Unataka isikatae?" "Isikatae." "Chochote?" "Chochote nitakachoandika mimi." "Ndiyo, mzee."

Kuna fundi wa kukuuliza maswali na kuna fundi wa kukwambia ndiyo mzee. Nilimpenda Edgar tangu ile ndiyo ya kwanza. Akagongagonga kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, akasema jaribu. Nikaandika 112-3. Nikabonyeza. "Imekubaliwa," ikasema, kwa kijani. Hakuna wekundu, hakuna ubishi! Nikaandika Matai, 86-4, imekubaliwa. Nikaandika Mtowisa, 140-2, imekubaliwa. Vituo vyote tisa, kijani juu ya kijani, nikahisi hatimaye mashine imenifahamu mimi ni nani. Nikamlipa Edgar, nikamwongezea na jogoo.

Orodha ikatoka kwenye printa. Niliitazama? Niliitazama, lakini miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani makusudi, kwa sababu mzee mwenye kompyuta hapaswi kuonekana anahangaika na miwani. Niliona ukungu mzuri wenye mistari iliyonyooka. Nikaweka sahihi. (Sahihi yangu ni nzuri, mtu yeyote mjini atakwambia, ina mkunjo mmoja chini kama mkia wa mbwa mwenye furaha.) Edgar akaichukua, akaituma Dar es Salaam.

Kesho yake simu ikaita. Mama mmoja, sauti ya ofisini, ndiye mkubwa wa manunuzi.

"Mzee Didas, tumepokea takwimu zako. Ni nzuri mno. Una uhakika nazo?"

Mtu mwenye akili angeuliza, mno kiasi gani? Mimi nikasema, "Mama, mimi sijawahi kuandika namba ya uongo tangu nizaliwe, na kompyuta yenyewe imekubali." Akasema basi hongera, malori yanakuja, na mzigo huu ukipanda salama uwakala ni wako. Hapo ndipo ningefaa kunyamaza na kumshukuru Mungu. Badala yake nikaandaa sherehe.

Nikakodi maturubai na kipaza sauti, nikachinja mbuzi wawili. Nikamwalika Baba Paroko aje na maji ya baraka, na wasimamizi wa vituo wote tisa, akiwemo Masanja, Msukuma aliyehamia Mtowisa na ng'ombe wake, ambaye huwa hakosi nyama hata ikichinjwa kwa siri. Siku ikafika, malori matatu makubwa yakaingia, yakapangwa mbele ya ghala. Matatu! Kama nilivyokuwa nimepiga hesabu kichwani: magunia mia tisa na kitu, mia tatu kila lori, kwisha. Wapagazi wakaanza kupakia wakiimba, nami nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi sikusoma. Lakini leo Dar es Salaam nzima inasoma mwandiko wangu."

Makofi. Vigelegele. Na katikati ya makofi likaingia lori la nne.

Nikatabasamu, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba hao wamekuja kusindikiza wenzao. Likaingia la tano, na la sita nyuma yake. Nikasema hao nadhani wanaelekea Kasanga, ziwani, watapita. Hawakupita. Dereva wa lori la sita akateremka, akanyoosha mgongo, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee, sisi tunaanzia mlango upi?" Na nyuma yake, kuelekea barabara ya Mbeya, vumbi jekundu lilikuwa limesimama angani kama nyumba inaungua.

Baba Paroko akaniinamia sikioni. "Mzee Didas, niyabariki yote, au tusubiri kwanza?"

"Bariki, Baba. Bariki tu."

Maji ya baraka yaliisha lori la kumi na moja.

Ilipofika mchana yalikuwa thelathini na moja. Nasema thelathini na moja, yenye matela, yamejipanga kuanzia mlangoni kwangu, yakapita stendi, yakapita soko, mkia wake ukatokea nje ya mji. Kiongozi wa msafara, mtu mmoja wa pwani aitwaye Hamadi, mpole kupita kiasi, akanijia na karatasi.

"Shikamoo mzee wangu. Hapa nimeandikiwa magunia elfu tisa mia moja na arobaini na mbili."

"Ya nani?"

"Yako, mzee. Sahihi hii hapa, ina mkunjo."

Nikautazama ule mkunjo. Ulikuwa wangu. Na hapo, wasomaji, mtu mwenye afya ya akili angesema ndugu zangu kuna kosa mahali. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi bado, watu mia tatu wananitazama, nyama ziko midomoni. Nikasema, "Mengine yako njiani."

Mengine yako njiani! Yatoke wapi? Ufipa nzima ingekamuliwa isingetoa mahindi yale kwa wiki ile. Lakini ndiyo nimeshasema, na kwa kipaza sauti, basi madereva wakazima injini wakatandika mikeka chini ya matela kungoja hayo yaliyo njiani. Malori matatu yakajaa jioni ile ile, yakabaki magunia kumi na tano na debe nne sakafuni. Ishirini na nane yakasubiri. Siku ya pili yakasubiri. Mbuzi wangu waliisha, nikachinja wengine. Mama lishe wakahamisha majiko yao wakayaleta kwangu, mji mzima ukapata biashara isipokuwa mwenye ghala. Watu walitoka vijijini kuja kutazama malori kama wanavyotazama mechi, wanaketi, wanatafuna miwa, wanaulizana, "Yamefika?" "Bado."

Hamadi akaomba kwa adabu aonyeshwe ghala la pili. Nikamfungulia. Mlikuwa na baiskeli yangu ya zamani na gurudumu la trekta. Akatazama, akakunja karatasi yake. Utingo mmoja nyuma yake akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wa utingo hufika mbali: "Labda yapo, bwana, sisi ndio hatuyaoni. Hapa ni Sumbawanga." Wakarudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja, na mmoja akavua kofia. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifikiria kuwaacha waniamini mchawi hivyo hivyo.

Masanja ndiye hakuwa na huruma. Amekaa juu ya gunia, mfupa mkononi. "Babu Didas," akaniita kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "nikopeshe hiyo kompyuta ihesabu ng'ombe wangu. Nitaoa tena kabla ya Pasaka."

"Kula ukae kimya, Msukuma."

"Nakula, babu. Lakini nangoja ya njiani."

Siku ya tatu Skola akarudi. Basi lake lilikuwa limekwama nyuma ya lori la mwisho, kwa hiyo aliteremka akatembea, begi kichwani, akipita lori moja baada ya jingine na kuwauliza madereva wamefuata nini, na kila mmoja akimjibu wamefuata mahindi ya Mzee Didas. Aliponifikia hakunisalimia. Akanyoosha mkono kwa Hamadi, akapewa karatasi, akasoma mstari wa kwanza tu.

"Laela, elfu moja mia moja na ishirini na tatu," akasema. "Baba, kistari kimekwenda wapi?"

"Kilikubaliwa," nikasema.

Akaingia ndani kwenye kompyuta, Hamadi nyuma yake, mimi nyuma ya Hamadi, Masanja na mfupa wake nyuma yangu. Akafungua matumbo ya fomu, akaonyesha kwa kidole. Edgar alikuwa ameuondoa mstari wake na kuweka mwingine: [^0-9]. Kikofia kile kile, kimetolewa nje kikaingizwa ndani ya mabano, na kumbe kikiwa ndani maana inageuka, kinasema kila kisichokuwa tarakimu. Na mbele yake Edgar akaiagiza mashine: kila kisichokuwa tarakimu, kitupe, kisha ziunganishe zilizobaki, sema imekubaliwa. Ikatupa kistari. 112 ikasogeleana na 3, ikawa 1123. Vituo tisa, vyote hivyo hivyo, kila kimoja kikawa mara kumi na zaidi.

"Yangu mimi ilikuwa inakukatalia, baba," Skola akasema, na hakupandisha sauti, laiti angepandisha. "Hii haikatai. Inatupa kimya kimya."

Ndipo nilipotoka nje, nikakaa chini. Ile ndoo mnaijua.

Hamadi alikuwa ameshapiga simu Dar es Salaam. Namsikia anaeleza, ndiyo mama, hapana mama, kisha akampa Skola, na Skola akaeleza yote vizuri kwa maneno machache, akafika mahali akanyamaza. Nilijua ameulizwa nini. Ameulizwa nani aliondoa ile kanuni. Akanitazama, nimeloa mpaka kiunoni, na nikaona anatafuta maneno ya kunisitiri. Pembeni watu walikuwa wameshaanza kunisaidia: kompyuta bwana, mashine hizi bwana, huyu Edgar bwana, Edgar naye amesimama kwenye umati kitambi kimenywea. Ilikuwa rahisi kabisa. Ningesema Edgar, uwakala ningebaki nao, na mji mzima ungeniamini, maana mji mzima ulikuwa umekula mbuzi wangu.

Nikanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Mama," nikasema, "ni mimi. Binti yangu aliweka kanuni ya kukataa, mimi nikamwita mtu nikamlipa aiondoe. Karatasi nilisaini bila kuisoma. Na hayo ya njiani hayapo, niliyatunga."

Niliyasikia malori thelathini na moja yakinisikiliza.

"Mzee Didas," mama yule akasema, "mzigo wako halisi ni kiasi gani?"

"Magunia mia tisa na kumi na tano, na debe nne."

"Umepima?"

"Mia tisa yamo kwenye malori, waulize watu wako. Mengine yako hapa sakafuni, nayatazama."

Akaomba arudishiwe Skola. Wakazungumza kitambo. Skola alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, hapana, nitajaribu, kisha akatoa kalamu akaandika majina ya wenye mahindi nyuma ya ile karatasi yenye mkunjo wangu. Wafanyabiashara wengine wa mjini, wale wale niliokuwa nataka kuwashinda, waliitwa siku ile ile wakajaza malori tisa kwa mahindi yao, wakifurahi mno, wakinishukuru kwa usafiri. Yaliyobaki yakarudi matupu, na madereva walinipungia mikono wakipita, kila mmoja, mpaka la mwisho. Sijawahi kupungiwa na watu wengi hivyo.

Uwakala, mnauliza? Uko nyumbani kwangu, wala haukwenda mbali. Barua ilikuja baada ya mavuno yaliyofuata, na juu yake imeandikwa Wakala wa Ufipa, Bibi Skolastika, na chini, mahali pa mtunza ghala, wameacha nafasi kwa ajili ya sahihi yangu. Alipomaliza chuo akaja kuanza kazi rasmi. Ile fomu sasa ina visanduku viwili, na cha debe kinakubali sifuri mpaka tano, basi, kwa sababu debe la sita ni gunia. Nilijaribu kuweka sita, nikijua fika. Ikanikatalia. Nikatafuta cha kuilaumu, sikupata.

Edgar huniona njiani akanisalimia kwa heshima ile ile, "Shikamoo mzee, kuna kazi yoyote?" Namwitikia marahaba, napita. Simchukii, alifanya nilichomwagiza, na hilo ndilo tatizo langu naye. Nimekula kiapo, na hiki siandiki kwa kistari: maisha yangu yaliyobaki, sitamlipa tena mtu kwa sababu amenikubalia.